UZI: Kabla hujanunua kompresa nyingine, jua kwanza nini kiliiua ile ya mwanzo (mafundi na wenye vyumba vya baridi Mtwara na Lindi)

Fundi Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu, na poleni na joto la kaskazi.

Huku kusini tumezoea mtindo mmoja. Chumba cha baridi kinagoma, fundi anapima, anatangaza kompresa imeungua. Mwenye mali anahangaika na hela, kompresa inakuja na basi kutoka Dar, inafungwa jioni ile ile, gesi inajazwa, kila mtu anaondoka na furaha. Baada ya muda mfupi ile mpya nayo kimya. Ndipo tunaanza kutafuta mchawi: kompresa feki, gesi feki, umeme unacheza.

Umeme unacheza kweli, sikatai. Gesi feki ipo na nitaisemea. Lakini ukiipasua kompresa iliyokufa mapema, mara nyingi ushahidi uko mle mle: oili nyeusi yenye harufu ya kukereketa, beringi za chuma zimepakwa rangi ya kopa, unga mweusi umejaa kwenye chujio, tope kwenye vali. Kiwanda hakikuviweka vitu hivyo. Vimeingia siku mfumo ulipofunguliwa, au vimezaliwa humo kutokana na kilichoingia siku hiyo. Ukifunga kompresa mpya kwenye uchafu ule ule umenunua msiba wa pili kwa risiti.

Nianze na maji, maana ndiyo adui mkubwa wa ukanda wetu. Mvua zikianza Novemba au Desemba mpaka Aprili, hewa ya Mtwara imelowa. Bomba likilala wazi usiku mmoja linavuta hewa hiyo, na alfajiri likipoa unyevu unafanya matone ndani yake.

Maji yakishaingia yana kazi mbili. Ya kwanza ni kuganda. Kwenye ekspansheni vali au kapilari, yaani njia nyembamba inayoshusha presha ya gesi, pale gesi inaposhuka chini ya sifuri, tone dogo tu linakuwa barafu na kuziba njia. Dalili yake ukiijua huisahau: chumba kinapoza vizuri, ghafla kinaacha, presha ya saksheni (upande wa kunyonya wa kompresa) inazama, mtu anazima mtambo akamtafute fundi, fundi akifika anawasha na kinapoza kana kwamba hakikuwa na tatizo. Barafu imeyeyuka wakati mtambo umezimwa. Fundi asiyejua hapo anaongeza gesi.

Kazi ya pili haionekani mpaka siku ya msiba. Oili ya POE, ile ya kutengenezwa kiwandani inayokwenda na gesi za R134a na R404A, imetengenezwa kwa kuunganisha asidi na alkoholi, na katika kuungana huko maji hutoka. Ukiyarudisha maji ndani, tena kwenye joto, oili inaanza kurudi ilikotoka na asidi inazaliwa upya. Asidi hiyo inakula vanishi ya waya za mota. Inamega kopa kwenye mabomba na kwenda kuibandika kwenye sehemu za chuma zenye joto, ndiyo ile rangi ya kopa kwenye beringi. Nafasi kati ya shafti na beringi ni finyu mno, utando ule ukikaa shafti inakaba.

Joto ndilo linalochochea yote haya. Kwa makadirio ya kikemia, kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya mmenyuko inakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo kondensa (koili ya nje inayotoa joto) iliyozibwa na chumvi ya bahari na vumbi, ambayo watu wanaiona ni suala la usafi wa nje tu, inapandisha presha, bomba la dischaji (linalotoka kwenye kompresa) linaungua, na kilichomo ndani kinaoza haraka. Bomba hilo ukilipima sentimita 15 hivi kutoka kwenye kompresa lisivuke nyuzi 107. Likivuka, oili yako iko kwenye kikaango.

Sasa vakyumu, yaani kunyonya mfumo kwa pampu kabla ya kujaza gesi. Watu wanadhani kazi yake ni kutoa hewa tu. Tunashusha presha mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida na yatoke kama mvuke. Kwenye nyuzi 30 maji yanachemka presha ikifika milimita 32 hivi za zebaki, wakati hewa ya kawaida hapa usawa wa bahari ni milimita 760. Lengo letu ni kushuka zaidi ya hapo sana, chini ya mikroni 500, yaani nusu milimita. Sindano ya geji ya manifoldi, ile ya kawaida ya kupimia presha, haioni tofauti ya mikroni 5,000 na mikroni 500, zote anaziita "mwisho". Bila geji ya mikroni unabahatisha.

Na kulehemu. Kopa ikipigwa moto huku ndani kuna hewa inatoa magamba meusi. Kwa nje kiungo kinameremeta, fundi anasifiwa, ndani kuna masizi yanayosubiri gesi iyasukume hadi kwenye kapilari. Dawa yake ni kupitisha naitrojeni taratibu ndani ya bomba wakati wote wa kulehemu mpaka kiungo kipoe. Ni pumzi ndogo tu, uisikie kwenye kiganja. Ukiifungua kwa nguvu kiungo hakitajaa.

Karibuni. Wenye maswali waulize, wenye kubisha wabishe.

---

Mtani wa Newala

Mkuu umeandika vizuri ila unatutisha. Sisi tumeanza ufundi kabla ya hizo geji za mikroni. Tunafungua gesi kidogo upande huu, inasukuma hewa inatokea upande ule, unafunga nati, unajaza. Friji za watu zinapoza mpaka leo. Hayo ya naitrojeni ni ya mitambo ya wazungu.

---

Fundi Shangani

Mtani, karibu. Friji za zamani zilikuwa na oili ya madini, na oili ile haipendi maji, inabeba kidogo sana. Ilikuwa inatuvumilia. POE inavuta maji kutoka hewani kama chumvi ya mawe wakati wa mvua, na ikishayashika vakyumu pekee inapata tabu kuyatoa. Kazi ile ile uliyoifanya zamani ikapona, leo inaua.

Halafu kuparji, yaani huko kusukuma hewa kwa gesi unakokusema, kunasukuma hewa iliyo njiani tu. Iliyojificha kwenye kona inabaki, na maji yaliyoshika kwenye ukuta wa bomba hayaguswi kabisa. Kwenye friji ya nyumbani unaweza kuponea. Kwenye chumba cha tani kadhaa za samaki hasara si yako, ni ya mwenye samaki.

Hewa iliyobaki ina ubaya wake pia. Haigeuki kuwa kimiminika kwenye kondensa, inakaa humo ikichukua nafasi, presha ya juu inapanda, umeme unaliwa. Kuipima ni rahisi: zima kompresa, acha feni ya kondensa izunguke mpaka kondensa ifikie joto la hewa, kisha soma presha. Kama ni R134a na joto ni nyuzi 30, geji isome karibu na bar 6.7. Ikisoma 8 na thamomita yako ni nzima, basi kuna mgeni humo ndani, au gesi yenyewe siyo iliyoandikwa kwenye mtungi.

---

Mama Pweza

Habari zenu wanangu. Mimi si fundi, mimi ni mfanyabiashara, nanunua pweza na ngisi kwa wavuvi, kutoka Msimbati mpaka Kilwa. Nina chumba kimoja cha baridi cha R404A. Haya anayoyasema Fundi Shangani ndiyo yaliyonikuta, kompresa imebadilishwa na imekufa tena msimu huu huu. Fundi wangu ni kijana mzuri, anajituma, sitaki kumvunjia heshima. Lakini nitajuaje kama anafanya inavyotakiwa? Mimi hizo mikroni sizijui.

---

Fundi Shangani

Shikamoo mama, na pole sana.

Huhitaji kuzijua. Kaa kwenye kiti chako kivulini na uangalie. Alikuja na mtungi wa naitrojeni wenye regyuleta (kipunguza presha)? Akikata bomba, anaziba midomo yake au anaiacha wazi akaenda kula? Kompresa mpya inakuja na vizibo vya mpira na naitrojeni ndani. Anavitoa dakika ya mwisho au anavitoa asubuhi akiwa bado anapima futi? Draya mpya (chujio la kunasa maji) iko kwenye boksi lake, imefungwa? Draya isifunguliwe mpaka moto wa kulehemu uko tayari, kwa sababu zile chembe za ndani kazi yake ni kunywa maji, na zikikaa wazi zinakunywa ya hewani kabla hujazifunga.

Kisha mwombe akuonyeshe namba kwenye geji ya mikroni pampu ikiwa imezimwa. Kama hana geji hiyo, mnunulie, hata kama ataiacha stoo kwako. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na kompresa.

Na mama, nikuambie jambo ambalo mafundi wengi hawathubutu kumwambia mteja. Mara nyingi anayeharibu ni haraka ya mwenye mzigo. Pweza wako ndani, jua linawaka, unampigia simu kila baada ya muda: vipi, bado? Kijana wa watu anakatisha vakyumu ili akutulize. Tenga barafu na makontena ya kuhifadhia mzigo kabla kazi haijaanza, umpe fundi muda wake. Kama una uwezo wa kupanga, matengenezo ya kufungua mfumo yafanye kipindi cha kusi, Juni hadi Agosti. Bahari imechafuka, samaki ni wachache, hewa ni kavu zaidi.

---

Chuma cha Kusini

Naomba kuongeza kitu cha hatari. Nimeona kwa macho fundi anapima kama mfumo unavuja kwa kutumia OKSIJENI ya kuchomelea, kwa sababu mtungi wa naitrojeni hakuwa nao. Nikaondoka eneo lile.

---

Fundi Shangani

Umefanya vizuri kuondoka. Wote mnaosoma: OKSIJENI NDANI YA MFUMO WENYE OILI NI BOMU. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili haihitaji hata kiberiti. Wamekufa mafundi kwa hili katika nchi nyingi. Na hewa ya kompresa ya gereji nayo siyo ya kupimia, inabeba maji na oili yake.

Naitrojeni yenyewe inataka adabu. Mtungi ukijaa unaweza kuwa na bar 150 mpaka 200, hakuna bomba la evapareta (koili ya ndani inayopoza) linalohimili hapo. Bila regyuleta usiunganishe.

---

Dogo wa Ufundi

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nasoma. Mwalimu alituambia vuta vakyumu nusu saa. Je inatosha? Na ukifika 500 unajuaje kwamba maji yameisha kweli?

---

Fundi Shangani

Marahaba dogo, swali la maana kuliko yote humu.

Saa si kipimo. Nusu saa kwenye kiyoyozi kidogo kikavu inaweza kutosha, kwenye chumba cha samaki kilichoingia maji hata usiku kucha usitoshe. Fuata geji. Ikifika chini ya 500, funga vali ili pampu itengane na mfumo, kisha tulia uangalie. Ikibaki pale pale au ikipanda kidogo na kutulia chini, umemaliza. Ikipanda halafu ikasimama mahali, tuseme elfu mbili hivi, bado kuna maji yanatoa mvuke. Ikipanda bila kusimama, una tundu, rudi ukatafute.

Geji iweke mbali na pampu, upande wa mfumo. Watu wanaifunga mdomoni mwa pampu, inawasomea vakyumu ya pampu yenyewe.

Mfumo ukiwa na maji mengi, usiukimbize. Maji yakichemka kwa kasi yanajipoza mpaka yanakuwa barafu humo humo, na barafu inatoka polepole sana. Vuta kidogo, vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu, iache ikae ibebe unyevu, iachie, vuta tena. Rudia mpaka mara ya tatu ndipo uende chini moja kwa moja. Kupasha evapareta joto kwa taa au kwa maji ya moto kunasaidia. Moto wa gesi hapana.

Na oili ya pampu ya vakyumu mnaisahau. Ikigeuka kama maziwa imejaa maji, haiwezi tena kuvuta chini. Kwenye hali ya hewa yetu ibadilishe mara kwa mara, ni ya bei rahisi. Toa pia sindano za ndani za vali za huduma kwa kifaa chake, tumia mpira mnene na mfupi. Mipira myembamba ya manifoldi inakuongezea masaa bila sababu.

---

Mtani wa Newala

Hapo kwenye kupanda na kusimama nimejifunza kitu, siwezi kukataa. Ila swali: draya ya zamani si inaweza kukaushwa kwenye jiko tukairudisha?

---

Fundi Shangani

Mtani unataka kutuua. Inashika maji, asidi na uchafu kwa pamoja. Jiko lako litatoa sehemu ya maji, asidi na unga vitabaki, na utakuwa umeifungua tena hewani. Kila mfumo ukifunguliwa, draya mpya. Kile kioo kidogo cha kuangalilia gesi kwenye bomba la kimiminika, chenye duara la rangi, kiheshimu: kikiwa kijani ni kukavu, kikienda njano kuna maji. Ni fundi asiyelala yule.

---

Stima wa Kilwa

Wakuu, nimesoma kimya. Mimi nimefanya kazi na mitambo ya amonia kwenye viwanda vya samaki, sasa niko Kilwa Masoko. Kwa kuwa bandari ya uvuvi imekuja huku, na mitambo ya barafu na ya kugandisha itaongezeka, niseme upande wa amonia, maana kanuni zake haziendi sawa na hizo za kopa.

Kwanza kopa yenyewe haimo. Amonia ikiwa na unyevu inakula kopa na shaba nyeupe, kwa hiyo mabomba ni ya chuma. Hapo tayari fundi wa R404A akiingia na viungo vyake vya mkobani ameleta shida.

Pili, amonia inachemka kwenye nyuzi -33 kwa presha ya kawaida ya hewa. Ukigandisha samaki na evapareta yako iko kwenye -40, presha ndani ni bar 0.72 tu. Nje ni bar moja. Maana yake kila penye upenyo, sili ya shafti, paking ya vali, hewa inaingia ndani badala ya amonia kutoka. Hapo ndipo watu wanadanganyika: amonia ikivuja kila mtu anakimbia kwa harufu, lakini hewa ikiingia hakuna anayesikia chochote. Mtambo unaendelea huku unakunywa hewa ya pwani na maji yake siku nzima.

Hewa inakwenda kujikusanya kwenye kondensa na kupandisha presha. Amonia kwenye nyuzi 30 inatakiwa isome karibu bar 10.7 kwenye geji. Maji hayaendi huko, yanabaki upande wa baridi. Amonia na maji wanapendana mno, mchanganyiko wake unachemka kwa joto la juu zaidi, hivyo ili upate ubaridi ule ule lazima ushushe presha ya saksheni zaidi. Ukishusha, hewa inaingia zaidi. Unaona duara hilo.

Mitambo mikubwa ina kifaa cha kutoa hewa chenyewe. Isiyokuwa nacho tunatoa kwa mkono, mtambo umetulia, mpira umezamishwa kwenye ndoo ya maji. Hewa inatoka kama mapovu yanayopanda juu. Amonia ikianza kutoka inamezwa na maji, mapovu yanakwisha na unasikia mlio wa kupasuka-pasuka. Funga hapo hapo, na vali ifungwe kabla mpira haujatoka kwenye maji wala mtambo haujapoa, kwa sababu amonia inavuta maji kurudi nyuma na utakuwa umeingiza ulichokuwa unakitoa. Barakoa ya amonia usoni, glavu, na mtu wa pili kando yako.

Oili nayo. Kwenye amonia oili ya madini haichanganyiki, na ni nzito kuliko amonia, inazama chini ya evapareta na matangi. Isipotolewa inapaka mabomba kwa ndani na baridi haipiti. Kuna chungu cha oili chini, kinatolewa kwa ratiba, kwa vali ile inayojifunga yenyewe ukiachia mkono. Watu wameumia kwa kuifunga ile vali na waya ibaki wazi wakaenda kuvuta sigara. Oili iliyotolewa hairudi kwenye kompresa hata ikionekana nzuri.

---

Chuma cha Kusini

Stima, hiyo ya kufunga vali na waya nilidhani ni sisi tu.

---

Nahodha wa Mikindani

Kwenye meli za uvuvi kondensa inapozwa na maji ya bahari. Bomba moja likitoboka nini kinatokea?

---

Stima wa Kilwa

Mtambo ukiwa unafanya kazi, presha ya gesi ni kubwa, gesi inatokea baharini na unaona tu baridi inapungua. Balaa linakuja ukizima na presha ya gesi ikashuka chini ya ile ya pampu ya maji. Bahari inaingia. Maji ya chumvi ndani ya kompresa, hapo hakuna draya ya kukuokoa, ni kufungua kila kitu, kuosha, pengine kutupa. Kwa hiyo nahodha, badilisha zile zinki za kujitoa mhanga (zinazoliwa na kutu badala ya mabomba) kwenye vifuniko vya kondensa kabla hazijaisha, na kila ukifungua kusafisha pima mabomba. Ukihisi inavuja, funga vali za maji mara tu unapozima.

---

Likong'o Kwetu

Niingize la gesi asilia japo mnaweza kusema natoka nje ya mada. Mradi ule wa kusindika gesi unaosubiriwa hapa Likong'o, Lindi, kimsingi ni jokofu kubwa: gesi inapozwa mpaka nyuzi -162 iwe kimiminika. Usafi wanaoutaka utawashangaza. Maji yanatolewa mpaka chini ya sehemu moja katika milioni, na kaboni dayoksaidi chini ya sehemu 50 katika milioni, kwa sababu vyote vinaganda na kuziba vibadilisha joto. Cha ajabu zaidi ni zebaki. Chembe ndogo sana za zebaki zilizomo kwenye gesi zinakula alumini. Kule Skikda, Algeria, miaka ya 1970, kibadilisha joto cha alumini kiliharibika kwa sababu hiyo, na tangu hapo mitambo ya aina hii huweka kitanda cha kunasa zebaki kabla gesi haijaingia kwenye baridi.

---

Fundi Shangani

Hujatoka nje ya mada hata kidogo. Kwao wanasafisha kwanza ndipo wanapoza. Sisi tunapoza kwanza.

Niliahidi kusemea gesi feki. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil, mafundi wakafa. Mitungi iliyoandikwa R134a ilikuwa imechanganywa na kloraidi ya methili, R40. Kitu hicho kikikutana na alumini ndani ya kompresa kinazalisha kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Fundi anafungua bomba, moto. Bandari ya Mtwara inapokea makontena kutoka pande zote, hivyo mnaoshughulika nayo, kontena usilolijua historia yake usikimbilie kulifungua. Nunua gesi kwa muuzaji utakayeweza kumrudia, na kabla ya kujaza, mtungi ukiwa umetulia kivulini linganisha presha yake na jedwali. Haikamati kila udanganyifu, ila ule wa wazi unaukamata.

La pili ni hawa wanaotoa R22, gesi ya zamani, na kuweka R404A kwenye mtambo ule ule. R22 katika nchi zetu inaondolewa kufikia 2030 kwa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, kwa hiyo kazi hizi zitakuja nyingi. Oili ya zamani ya madini lazima itoke, ibaki chini ya asilimia 5, vinginevyo hairudi vizuri kwenye kompresa. Na POE ni msafishaji, inakwangua tope la miaka yote lililokuwa limetulia kwenye mabomba na kulibeba. Badilisha draya baada ya siku chache za kwanza, halafu tena. Sijawahi kuona kazi ya namna hii ambayo draya ya kwanza ilitoka safi.

---

Mama Pweza

Fundi Shangani, nimerudi. Nimempa kijana wangu huu uzi ausome, hakukasirika. Amepima oili ya ile kompresa iliyokufa kwa kichupa cha kupimia asidi, rangi imebadilika. Harufu yake ilinitoa stoo. Sasa tunafanyaje, na kompresa mpya imeshafika?

---

Fundi Shangani

Mama, mwambie asiifunge leo. Kwanza avae glavu na miwani, oili ile inababua ngozi.

Gesi ya zamani itolewe kwenye mtungi wa kukusanyia, isirudi kwenye mfumo. Sehemu zote za chini zinazoshika oili zimwagwe: akyumuleta (tangi dogo la saksheni), mtego wa oili, mikunjo ya bomba la saksheni. Apulize kwa naitrojeni mabomba kipande kwa kipande. Ekspansheni vali aifungue asafishe chujio lake au aibadilishe. Kisha draya kubwa kuliko ya kawaida kwenye bomba la kimiminika, na filta ya asidi kwenye saksheni, iwe na tundu za kupimia presha kila upande. Ndipo kompresa ifungwe, vakyumu kama tulivyosema, gesi mpya.

Baada ya kuwasha asiondoke moja kwa moja. Baada ya siku moja au mbili apime tena asidi na aangalie presha inapungua kiasi gani kupita kwenye ile filta ya saksheni. Kama inapungua sana au asidi bado ipo, abadilishe filta zote mbili, na oili kama kompresa inaruhusu. Arudie mpaka kipimo kitoke safi. Ikishakuwa safi, ile filta ya saksheni itolewe. Wengi wanaisahau humo, inaziba taratibu, kompresa inakosa gesi ya kuipoza, na mota inaungua upya.

Pia aangalie kontakta (swichi ya umeme ya kompresa) na waya. Wakati mwingine asidi ni matokeo tu, mota iliungua kwa sababu fezi moja ilikatika.

---

Dogo wa Ufundi

Mama Pweza, naomba nije kuangalia hiyo kazi. Sitadai kitu.

---

Mama Pweza

Njoo mwanangu, chakula kipo. Fundi, swali la mwisho: kopo la ile oili mpya limefunguliwa, limetumika nusu. Kijana amelihamishia kwenye dumu la plastiki, amelifunga vizuri. Si litafaa mwakani?

---

Fundi Shangani

Halitafaa mama. Plastiki inapitisha unyevu polepole hata ikifungwa, ndiyo maana viwanda vinaiweka POE kwenye makopo ya chuma. Na nusu ya juu ilishajaa hewa ya Mtwara tangu alipolifungua. Aliweke pamoja na oili chafu, ziende kwa wanaokusanya oili zilizotumika, asimwage ufukweni. Safari nyingine anunue makopo madogo ya kumaliza mara moja.